Kondoo wa Mapacha

Kondoo wa kwanza alikufa asubuhi, wakati Tusajigwe akimfuta mumewe uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Alimsikia akiangukia mbao za banda, kishindo kimoja kizito, halafu kimya. Hakukimbia. Alimaliza uso, akafuta na shingo, akamvisha Gwamaka shati akianzia mkono wa kulia usiofanya kazi, kama alivyofundishwa hospitali. Ndipo akavaa mabuti ya mvua na kutoka.

Aliporudi, Gwamaka alikuwa ameukazia macho mlango.

"Nani?" aliuliza. Tangu kiharusi kimpige mwaka uliopita, maneno yake yalitoka polepole, yakiburuzana, lakini mkewe hakuhitaji kurudiwa.

"Yule mwenye sikio lililochanika."

"Ana mimba yule."

"Alikuwa nayo, Baba Lugano."

Gwamaka aligeuza uso ukutani. Baadaye akasema, "Mpasue. Nataka kujua wangapi."

Tusajigwe hakuwa amekunywa hata chai. Alichukua kisu cha jikoni, akarudi mvuani.

Mvua za Aprili zilikuwa zimekishika kijiji cha Ngonga bila kupumzika. Mto ulikuwa umepanda juu ya majaruba ya mpunga, na malisho yote ya bondeni yalikuwa maji matupu, yametulia, rangi ya chai ya maziwa. Banda la kondoo lilisimama juu ya nguzo nyuma ya mikakao, mahali palipoinuka kidogo, na kundi lote lilikuwa limesongamana humo, likila mabua makavu ya mpunga yaliyohifadhiwa tangu mavuno. Kila asubuhi Tusajigwe aliyabeba mabua hayo kichwani kutoka ghalani, mzigo baada ya mzigo, na kila jioni alikuta hori limebaki nusu. Kwa hiyo alijua jambo moja bila shaka yoyote: kondoo wake hawakuwa wamekosa kitu cha kutia tumboni.

Alimkuta marehemu amelala ubavu, tumbo limetuna kama kiroba. Alipasua. Ndani mlikuwa na wana watatu, wakubwa, manyoya yameshaota, wamekunjamana kila mmoja mgongoni mwa mwenzake. Ini la mama lilikuwa la njano, laini, likipondeka chini ya kidole kama parachichi lililoiva. Tusajigwe alikuwa amepika maini ya kondoo maisha yake yote na hakuwahi kuona la namna hiyo. Alifukia vyote pembeni ya migomba, akanawa, akaenda kumwambia mumewe.

"Watatu," Gwamaka alirudia. Kwa kitambo kidogo uso wake, ule upande ulio mzima, ulikuwa na kitu kama fahari. Kisha kikatoweka. "Ulimpa nini jana?"

"Nilichowapa wote. Mabua."

"Alishiba?"

"Hori lilibaki na chakula, baba."

"Kondoo hafi hivihivi," alisema. "Mimi nilikaa nao miaka yote hiyo. Hakuna aliyekufa hivyo mikononi mwangu."

Tusajigwe alikwenda kuwasha moto. Kuni zilikuwa mbichi. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na hakujisumbua kujua kama yote yalikuwa ya moshi.

Ni kweli kwamba kondoo wale walikuwa kazi ya Gwamaka. Zamani alikuwa na mpunga na kakao kama kila mtu, na vikondoo vya kienyeji ambavyo hakuna aliyevihesabu kuwa mali. Vilijilisha vyenyewe kando ya njia, vikazaa kimoja kimoja. Siku moja alikwenda nyanda za juu kumzika binamu yake, akarudi na dume la dopa, kondoo wa kisasa wa nyama, pana kama meza, mwili mweupe, kichwa cheusi. Tangu hapo akajiwekea sheria. Jike aliyezaa mmoja hakubaki. Aliliwa Krismasi au alichukuliwa na wachuuzi wa Karonga, Malawi, waliovuka mto Songwe kutafuta mifugo. Aliyezaa mapacha alibaki, na binti zake wakabaki, na binti za binti zake. Dume nalo alilibadilisha kila baada ya muda, akitafuta lililozaliwa pacha kwa mama mwenye maziwa. Alikuwa mvumilivu. Mwaka baada ya mwaka majike wakawa wapana zaidi, na mmoja akizaa wawili watu hawakushangaa tena. Wakaanza kuja watatu.

Mdogo wake, Reubeni, aliyekuwa akilima Busale na bado alifuga vikondoo vya zamani, alichekwa kila walipokutana. "Hao wako ni kondoo au sungura?" Gwamaka alikuwa akimuuliza mbele ya watu kanisani, na Reubeni alikuwa akicheka pamoja nao.

Halafu asubuhi moja ya mwaka uliopita Gwamaka alianguka kwenye mikakao akiwa ameshika panga, na tangu siku hiyo kila kitu kilichokuwa cha watu wawili kikawa cha mmoja: kumwogesha, kumgeuza, kumlisha, palizi, kakao, kondoo. Mtoto wao Lugano alikuwa Mbeya na kazi ya udereva; alituma alichoweza na kupiga simu Jumapili. Watu walimsifu Tusajigwe kwamba ni mwanamke imara. Yeye aliitika "ndaga", yaani asante, na kuendelea na alichokuwa akifanya.

Siku mbili baada ya yule mwenye sikio lililochanika, Tusajigwe alimwona wa pili amesimama peke yake kwenye kona ya banda, kipaji amekigandamiza kwenye ubao kama anayetaka kuusukuma uanguke. Alimpungia mkono mbele ya macho. Hakupepesa. Jioni ile alikuwa amelala chini, anasaga meno, na kesho yake alikuwa amekufa.

Aliyemtisha zaidi ni wa tatu. Huyu walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kunusa na kulamba watoto wa wenzake kama wake. Alikuwa jike bora kuliko wote, amezaa mapacha kila uzazi, na safari hii tumbo lake lilikuwa limeshuka mpaka karibu na magoti. Tusajigwe alipomletea maganda ya ndizi, ambayo kwa kawaida alimpokonya mkononi, Shangazi aliyanusa tu, akageuka pembeni.

Tusajigwe alikaa kwenye ngazi ya banda, mvua ikimdondokea begani, akampigia simu afisa mifugo.

Afisa huyo, Kisa, alifika siku iliyofuata mchana, kwa miguu, kwa sababu bodaboda ilishindwa kuvuka maji. Alikuwa binti wa rika la Lugano, suruali ameikunja juu ya magoti, mkoba wa dawa ameubeba kichwani. Alimsalimia Gwamaka kwa kupiga goti kwanza, kama inavyotakiwa, ndipo akaomba kuoneshwa mgonjwa.

Alimtazama Shangazi macho, akampima homa. Kisha akaweka pua karibu na mdomo wa kondoo, akavuta pumzi.

"Njoo unuse, mama."

Tusajigwe aliinama. Ilikuwa harufu tamu, isiyo mahali pake, kama ndizi iliyoachwa juani mpaka ikachacha, au ile dawa ambayo wasichana hutumia kufutia rangi ya kucha.

"Ni sumu?" aliuliza. "Kuna mtu amewatilia kitu?"

"Hakuna mtu, mama. Anajila mwenyewe."

Walirudi barazani ili Gwamaka asikie. Kisa alikaa kwenye kigoda, akazungumza taratibu, akimwangalia mzee badala ya kuzungumza juu ya kichwa chake kama wengi walivyozoea kufanya sasa.

"Mtoto akiwa tumboni anakula sukari ya damu ya mama yake. Akiwa mmoja, mama anamudu. Wakiwa watatu, tena mwezi wa mwisho wanapokua kwa kasi, wanataka nyingi mno. Na hapo hapo wamejaza tumbo, chakula hakina pa kukaa. Mabua ya mpunga yanashibisha lakini hayana nguvu ndani yake. Basi mwili wa mama unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Mafuta yanakwenda kwenye ini ili yageuzwe kuwa nguvu. Yakizidi, ini linaelemewa, linakuwa la njano."

"Niliona," Tusajigwe alisema.

"Basi ndiyo hiyo. Uchafu unaobaki unaingia kwenye damu na kupanda kichwani. Hawaoni vizuri, wanasukuma ukuta, hamu ya kula inakata. Na asipokula anazidi kujiyeyusha. Wengi wakifika hapo hawarudi."

Gwamaka alikuwa akisikiliza huku mkono wake wa kushoto ukisugua ule wa kulia. "Vya Reubeni," alisema, "vinakula mabua hayohayo."

"Ni kweli, baba. Lakini vya Reubeni vimebeba mmoja mmoja. Hawa wako umewachagua vizazi kwa vizazi wazae wengi na wakubwa. Umefanya kazi ambayo hata kwenye mashamba ya serikali si wote wameiweza. Ila jike wa namna hii hajui kubana. Chakula kikipungua, watoto wanaendelea kuvuta vilevile, na yeye anatoa tu. Ukitaka kondoo wa mapacha lazima umlishe chakula cha mapacha." Akasogeza kigoda karibu. "Ulipokuwa mzima, baba, mwezi wa mwisho walikuwa wanakula nini?"

Gwamaka aliacha kusugua mkono.

"Pumba," alisema hatimaye. "Nilikuwa nakwenda mashineni na baiskeli. Pumba, na mashudu yakipatikana. Na majani ya viazi. Nilikuwa nawapa tu. Waliyapenda. Sikujua kama ndiyo yanawashikilia."

Mvua ilipiga bati. Tusajigwe alikumbuka ile baiskeli, jinsi alivyokuwa akiona mumewe akirudi nayo imeelemewa na viroba, na kumnung'unikia kwamba anawadekeza wanyama. Hakuwahi kumuuliza ni kwa nini, naye hakuwahi kueleza, kwa sababu yeye mwenyewe aliona ni mapenzi tu. Tangu alale, hakuna aliyekwenda mashineni kuwaletea kondoo pumba. Nani angekwenda?

"Kwa hiyo si mama aliyekosea," Kisa alisema, kana kwamba alikuwa ameambiwa kuna kesi ndani ya nyumba ile. "Aliwajaza matumbo. Mtu yeyote angeona wameshiba."

Gwamaka hakumtazama mkewe. Lakini pia hakulirudia lile neno la mikono yake.

Kulikuwa na jambo la kuamua, na Kisa aliliweka mbele yao wazi. Shangazi alikuwa amefika pabaya. Angeweza kumtundikia dripu ya glukosi na kumnywesha maji ya sukari, lakini watoto wangeendelea kuvuta, na huenda dripu isitoshe. Au angemchoma sindano ya kuharakisha uzazi. Watoto wangetoka kabla ya wakati, wangekuwa dhaifu, pengine wasiishi. Lakini mzigo ungekwisha, na mama angepata nafasi.

"Zimebaki wiki ngapi, baba? Unakumbuka dume aliingia lini?"

"Mbili," Gwamaka alisema bila kusita. "Subirini. Mpe dripu. Subirini hata wiki moja. Shangazi na dume hili ndio niliowataka wakutane tangu zamani. Humo tumboni ndimo mna dume langu la kesho."

"Wiki moja hawezi kufika, baba."

"Jaribu."

Kisa alimtazama Tusajigwe. Tusajigwe alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, kwa sababu alijua akikaa kwenye kigoda atashindwa kuinuka.

"Mchome sindano," alisema.

"Mama Lugano!"

"Mchome, Kisa." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njiani. "Baba Lugano, nimefukia wawili. Nimewachimbia mimi kwenye tope. Wa tatu simfukii kwa ajili ya dume la kesho. Huyu yupo leo."

Gwamaka alijaribu kuinuka kwenye kiti. Mkono wa kushoto ulishika egemeo, mguu mmoja ukajikaza, mwingine ukakataa. Akarudi chini. Alikaa hivyo akihema, mate yakimtoka upande wa mdomo, na Tusajigwe akaenda akamfuta, kama alivyofanya kila siku, wala hakuna kati yao aliyetazama macho ya mwenzake.

Kisa alichoma sindano.

Kabla hajaondoka aliwaachia maagizo kwa ajili ya waliobaki. Barabara ilikuwa imekatika, mashudu hayangepatikana. Watumie kilichopo: ndizi mbivu, viazi vitamu, uji wa mahindi uliotiwa sukari guru, pumba kidogo kutoka mashine ya jirani. "Lakini kidogo kidogo, mama, mara nyingi kwa siku. Ukiwashindilia mara moja matumbo yatachacha, utawaua kwa njia nyingine. Na usidanganywe na matumbo. Tumbo kubwa linaficha. Shika mgongo. Pitisha vidole kwenye uti, hapa, nyuma ya mbavu. Ukikuta mifupa imechongoka, huyo aanze leo. Ukikuta pamejaa, huyo anaweza kusubiri."

"Wote hao?" Tusajigwe aliuliza. Alitazama upande wa banda. Kuwakamata wote, mmoja mmoja, kuwapapasa, kuwakumbuka, kuwatenga. Alihisi kama mtu aliyeambiwa apande tena mlima alioshuka sasa hivi.

"Waleteni," Gwamaka alisema.

Walimgeukia.

"Waleteni kwangu. Huu mkono mmoja bado una vidole."

Ndivyo ilivyofanyika. Mchana ule na asubuhi iliyofuata, mvua ilipopungua, Tusajigwe alikuwa akimvuta jike kwa kamba hadi barazani, na Gwamaka kwenye kiti chake alikuwa akipitisha mkono wa kushoto mgongoni mwa mnyama, macho ameyafumba. "Huyu mfupa," alisema. Au, "Huyu bado." Hakukosea jina la mama wa yeyote kati yao. Wale wa mfupa Tusajigwe aliwafungia upande wa pili wa banda, akawapa ndizi zilizopondwa kwenye sufuria. Hakuwa amemsikia mumewe akiongea maneno mengi kiasi kile tangu alipoanguka. Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu ya kufurahi. Alisikia tu kwamba nyumba imekuwa na sauti mbili.

Alipomleta wa mwisho na kumrudisha, alikuja kumsaidia Gwamaka kuingia ndani. Aliinama, akamkumbatia chini ya makwapa kama kila siku, na Gwamaka akapitisha mkono wake mzima nyuma ya mkewe ili ajishikilie. Kisha mkono ule ukasimama. Vidole vilitembea taratibu kwenye uti wa mgongo wake, juu ya gauni lililolowa, fundo baada ya fundo.

"Mama Lugano," alisema. "Umekwisha."

"Acha upuuzi. Shika vizuri, utaanguka."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Nyanyua mguu."

Aliingiza miguu ya mumewe ndani, akamlaza, akatoka kwenda kuchemsha uji wa kondoo. Sufuria ilipochemka aliikoroga, akaipoza, kisha akamimina kikombe kimoja, akakinywa chote amesimama. Kilikuwa na sukari guru nyingi. Akamimina kingine.

Shangazi alizaa siku ya pili baada ya sindano, saa za mchana, amelala, hana nguvu ya kusukuma. Tusajigwe alivuta kwa mikono yake huku Kisa akimwelekeza kwenye simu iliyowekwa juu ya ubao, sauti ikikatikakatika. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili alikuwa dume, mzuri, kichwa cheusi kisicho na doa. Alipumua, akatikisa masikio. Wa tatu alikuwa jike mdogo kiasi cha kuenea kwenye kapu la mayai.

Alimpeleka yule dume kwa Gwamaka, amemfunga kwa khanga. Gwamaka alimweka kifuani chini ya shati, ngozi kwa ngozi, na alikaa naye hivyo bila kutaka kula. Kila mara alimwita mkewe aje asikilize kama bado anapumua. Kabla jua halijazama hakuhitaji tena kuita. Tusajigwe alipokuja kumchukua, Gwamaka hakumwachia mara moja.

"Alikuwa ndiye," alisema.

"Najua."

"Miaka yote ile."

"Najua, Baba Lugano."

Alilia. Tangu kiharusi alikuwa akilia kwa urahisi, hata kwa wimbo wa redioni, na Tusajigwe alikuwa amezoea. Lakini hiki kilikuwa kilio kingine, na aliketi kitandani pembeni yake mpaka kikaisha.

Shangazi alikaa siku kadhaa kati ya huku na huko. Kisa alirudi na dripu nyingine. Tusajigwe alimnywesha kwa chupa, akamgeuza ubavu asioze, akamkamua maziwa machache kwa ajili ya yule jike wa kapuni, na mengine akaongezea kutoka kwa mbuzi wa jirani. Asubuhi moja alimkuta amesimama. Miguu ilitetemeka kama ya mtoto wake, lakini alikuwa amesimama, na alikuwa akitafuna kipande cha kiazi kwa uzito, kama mtu anayekula bila kupenda. Katika wale wengine wa upande wa mfupa alikufa mmoja tu. Waliobaki walizaa mmoja baada ya mwingine mvua ilipokuwa ikielekea mwisho. Wengi wawili, wengine watatu, na si watoto wote walioishi.

Reubeni alikuja maji yalipopungua. Alivua kofia mlangoni, akamsalimia kaka yake, akakaa. Alikuwa amesikia habari yote, na Tusajigwe alimshukuru moyoni kwa sababu hakuonesha kufurahi hata kidogo.

"Pole, kaka. Pole, shemeji."

Gwamaka alimwitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Una majike wangapi wasio na dume mwaka huu?"

"Wapo. Dume langu limezeeka."

"Chukua langu."

Reubeni alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Tusajigwe, ambaye naye alikuwa ameacha kupepeta mchele.

"Chukua dume langu," Gwamaka alirudia. "Utavipandisha nalo vile vijike vyako, utaona watakuja wa wastani. Mmoja, wawili. Wanaoweza kuishi kwa mtu asiye na pumba. Na uchukue nusu ya majike wangu pia. Wewe una vijana wa kwenda mashineni. Watakaozaliwa tutagawana."

"Kaka, hii ni kazi yako ya miaka."

"Ndiyo." Alitulia kupata pumzi. "Lakini anayeifanya ni yeye. Angalia alivyo."

Reubeni alimwangalia shemeji yake. Tusajigwe aliona aibu, akavuta khanga begani. Alitaka kusema kwamba anaweza, kwamba ameweza mpaka sasa. Maneno yalimfika mdomoni kwa mazoea, kama salamu. Hayakutoka.

"Chukua na zaidi ya nusu," alisema. "Niachie wale ninaoweza kuwapikia uji."

"Na yule jike mdogo?" Reubeni aliuliza. "Yule wa Shangazi?"

"Huyo anabaki," Gwamaka na Tusajigwe walisema kwa pamoja, kisha Gwamaka akaongeza, "Sijui atakuwa wa namna gani. Pengine atazaa mmoja. Basi azae huyo mmoja."

Kesho yake Reubeni alikuja na watu wa kwake, wakawatoa kondoo bandani. Gwamaka alitaka kiti chake kisogezwe mpaka ukingo wa baraza. Walipita mbele yake, vichwa vyeusi, migongo mipana, dume likiwa nyuma likivutwa kwa kamba na kukataa kila baada ya hatua chache. Wengine aliwaita kwa majina. Njia ya kwenda Busale ilikuwa bado na matope, na kwa muda mrefu waliendelea kuwasikia wakilia ng'ambo ya mikakao, hata baada ya kutoweka.

Tusajigwe aliingia bandani kufagia. Palikuwa na nafasi ya kugeuka. Alifagia nusu, akaegemeza fagio, akarudi nyumbani. Alitandika mkeka kwenye ukumbi, pale penye upepo, akajilaza akikusudia kunyoosha mgongo kidogo tu kabla ya kuinjika mbalaga, zile ndizi za kupika, kwa chakula cha mchana.

Kati ya usingizi na kuamka alisikia mtu akipiga hodi uani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mchuuzi kutoka ng'ambo, akiuliza kama bado wana kondoo wa mapacha. Tusajigwe alijaribu kufungua macho. Miguu haikumtii.

"Karibu," alimsikia Gwamaka akijibu kutoka barazani, neno moja moja, akijitahidi lisikike. "Lakini mwenye kondoo amelala. Njoo kesho."

"Hata kumwona tu?"

"Kesho, mama. Amelala."

Nyayo ziliondoka. Tusajigwe alijigeuza upande wa pili, akavuta khanga usoni, akaendelea kulala, na jua la mchana likapita juu ya nyumba bila yeye kujua.